Kuendesha mzigo wa kielektroniki kutoka mbali: ushauri kwa anayeanza

Mzigo wa kielektroniki hunyonya umeme wa DC kwa kiasi unachoutajia. Ukiuambia ampea 5, utanyonya ampea 5, betri iwe imejaa au imechoka. Ndani yake hamna maajabu: transista kubwa za MOSFET zilizofunguliwa nusunusu, kipoozeo cha alumini, feni, na saketi inayolinganisha mkondo unaopita na ule ulioagizwa. Umeme wote unaoingia hugeuka joto. Kutumia vitufe vya mbele mtu hujifunza kwa saa moja. Kazi huanza unapouunganisha na kompyuta au na volteji ya nje, maana hapo mkono unaoongoza hauko tena mezani, na kifaa hakina njia ya kujua kama mkono huo bado upo.

Hilo ndilo la kushika kabla ya mengine yote: mzigo hutekeleza amri ya mwisho mpaka upewe nyingine. Kompyuta ikilala, ikijisasisha na kujiwasha upya, au kebo ya mtandao ikichomoka, betri itaendelea kunyonywa kana kwamba kila kitu kiko sawa. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na jambo hilo.

Nyaya nene kwanza

Soma namba tatu za kifaa chako kwa pamoja, si moja moja. Tuchukue mzigo wa 120 V, 30 A na 300 W, kama BK Precision 8500. Anayeanza huona 30 A akadhani anaweza kunyonya 30 A kutoka betri ya 12.8 V. Hesabu inakataa: 12.8 × 30 ni 384 W. Kwa betri hiyo iliyojaa, yenye 13.3 V, 20 A ni 266 W, na hapo uko salama. Kuna namba ya nne ambayo huandikwa kwa herufi ndogo: volteji ya chini kabisa ambayo mzigo unaweza kufanya kazi kwa mkondo kamili. Ukipima seli moja ya volti 1 na kitu, mkondo unaweza kugoma kupanda, na wala si kosa la programu yako.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa miliomu 7 hivi kwa mita. Betri ikiwa mita moja kutoka kwenye mzigo, umeme husafiri mita mbili kwenda na kurudi, yaani miliomu 14. Kwa 20 A unapoteza 0.28 V njiani. Mzigo utasoma 12.54 V wakati betri ina 12.82 V, na jaribio lako litakatishwa mapema ukidhani betri ni mbovu. Dawa yake ni nyaya mbili nyembamba za kuhisi, S+ na S−, zinazotoka nyuma ya mzigo na kushikwa kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye klipu za nyaya nene. Baada ya kuzifunga, kumbuka kuwasha hali ya kuhisi kwa mbali kwenye menyu au kwa amri. Katika vifaa vingi haijiwashi yenyewe.

Waya wa kuhisi ukichomoka katikati ya kazi huleta hatari hasa katika hali ya nguvu thabiti. Mzigo unasoma volteji ndogo kuliko iliyopo, unajiona haujafikisha wati ulizoagiza, basi unaongeza mkondo mpaka ugonge ukomo.

Ukigeuza chanya na hasi, diodi iliyo ndani ya kila MOSFET itapitisha umeme hata kama mzigo umezimwa kwa amri. Hakuna programu inayoweza kuzuia hilo. Weka fyuzi ya DC ya 40 A karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 ikipata shoti inaweza kumwaga mkondo wa kuyeyusha waya kabla hujainua mkono.

Kuhusu hali nne za kazi tuseme kwa ufupi. Mkondo thabiti (CC) ndio utakaotumia zaidi kwa betri na vifaa vya kutoa umeme. Ukinzani thabiti (CR) huiga rezista. Nguvu thabiti (CP) huiga inveta: volteji ikishuka, mkondo unapanda, kwa hiyo 250 W ni 19.2 A kwa 13 V lakini ni 25 A kwa 10 V. Volteji thabiti (CV) ni ya kupimia vyanzo vinavyoshikilia mkondo, kama chaja au paneli ya sola. Ukiiunganisha CV na chanzo ambacho nacho kinashikilia volteji yake, kila mmoja atavuta kwake mpaka mmoja agonge ukomo wa mkondo. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Njia za kidijitali

Nyuma ya mzigo utakuta moja au zaidi ya hizi: RS-232, USB, LAN, GPIB. Ukiwa na uchaguzi, chukua LAN. Imetenganishwa kiumeme kwa transfoma ndogo zilizo ndani ya soketi, kebo yake inaweza kufika mita 100, na haina dereva wa kusakinisha. USB ni rahisi lakini hasi yake imeungana na kompyuta, jambo tutakalolirudia. GPIB utaikuta kwenye vifaa vya zamani vya maabara: vifaa 15 kwenye mstari mmoja, jumla ya kebo isizidi mita 20. Inafanya kazi vizuri, ila kadi yake ni ghali.

RS-232 ndiyo inayosumbua zaidi. Plagi ya pini tisa haimaanishi kwamba ndani yake kuna RS-232. BK 8500 ya awali ina plagi hiyohiyo, lakini ishara zake ni za TTL, yaani 0 hadi 5 V, wakati RS-232 halisi hucheza kati ya ±3 na ±15 V. Kuchomeka kebo ya kawaida moja kwa moja ni kukiunguza kiolesura. Inatakiwa adapta yake maalumu, ambayo pia hutenganisha umeme. Fungua mwongozo kwenye ukurasa wa pini kabla ya kebo. Kwa RS-232 ya kweli, jambo la pili ni kujua kama unahitaji kebo ya moja kwa moja au ile iliyopishanishwa pini 2 na 3. Kimya kabisa bila kosa lolote mara nyingi maana yake ni kwamba nyaya hizo mbili zimeelekea upande usio wake. Herufi za ajabuajabu maana yake kasi hailingani: weka 9600, biti 8, bila parity (biti ya ukaguzi), biti moja ya kusimama, pande zote mbili.

Kwenye Linux, kama programu inakataliwa kufungua /dev/ttyUSB0, mtumiaji hayumo kwenye kundi la dialout. Na usiandike ttyUSB0 ndani ya programu. Namba hiyo hubadilika ukichomeka adapta mbili. Tumia jina lililo chini ya /dev/serial/by-id.

Kwa LAN, upe mzigo anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.50, kisha ujue poti yake. Keysight na Siglent hutumia 5025, Rigol 5555, ITECH 30000. Ukiweza kuupata kwa ping lakini poti inakataa, angalia kama programu nyingine haijaushikilia. Baadhi ya mizigo hukubali mazungumzo na mteja mmoja tu kwa wakati mmoja.

Lugha ya SCPI, na ile ya baiti

Mizigo mingi ya sasa huelewa SCPI, amri za maandishi zilizowekwa kuwa kiwango cha pamoja mwaka 1990. Zenye alama ya kuuliza ni maswali na hujibiwa. Zisizo nayo ni maagizo na hazijibiwi. Ukituma agizo kisha ukasubiri jibu, utangoja mpaka muda uishe, na VISA, programu inayopeleka ujumbe kati ya kompyuta na kifaa, itakurudishia kosa −1073807339. Wanafunzi wengi hulidhania kuwa ni kebo mbovu. Mara nyingi ni swali lililosahaulika alama yake, au herufi ya kumalizia mstari isiyolingana.

Anza kila kifaa kipya kwa *IDN?. Kikijibu jina lake, waya, kasi na kimalizio viko sawa, na unaweza kuacha kuvishuku. Kisha SYST:REM kama unatumia RS-232, kwani vifaa vingi hukataa maagizo ya kubadilisha thamani mpaka viingizwe kwenye hali ya mbali. Jina la amri huandikwa kwa kifupi chake rasmi au kwa ukamilifu: MEAS au MEASURE. Ukiandika MEASU utapata kosa −113. Thamani iliyozidi uwezo huleta −222.

Makosa haya hayajitokezi yenyewe kwenye kompyuta. Hukaa kwenye foleni ndani ya kifaa mpaka uyaulize kwa SYST:ERR?, na hutoka moja moja kuanzia la zamani zaidi. Uliza mpaka jibu liwe 0. Asiyeuliza anaweza kutuma CURR 35 kwa mzigo wa 30 A, mzigo ukaikataa kimya, ukaendelea na thamani ya jana, na jedwali zima likaandikwa kwa mkondo ambao hakuuagiza.

Jingine linawahusu wenzetu wa Bujumbura, Bukavu au Lubumbashi ambao kompyuta zao zimepangwa kwa Kifaransa. Python huandika 2.5 kwa nukta popote ilipo, lakini Excel na LabVIEW hufuata mpangilio wa kompyuta na zinaweza kutuma 2,5. Kwa SCPI koma hutenganisha thamani mbili. Lazimisha nukta ndani ya programu, usitegemee mpangilio.

BK 8500 ya awali haijui SCPI. Yenyewe hutaka pakiti ya baiti 26, si pungufu wala zaidi. Ya kwanza ni AA (thamani za baiti hapa ni za heksadesimali, yaani msingi wa 16), ya pili anwani, ya tatu amri, zinazofuata ni data, na ya 26 ni jumla ya zile 25 zilizotangulia, ukibakiza baiti moja ya chini. Kuuingiza kwenye hali ya mbali: AA 00 20 01, sufuri mpaka mwisho, na baiti ya ukaguzi CB. Kuweka mkondo wa 1 A: kizio ni sehemu ya kumi ya miliampea, kwa hiyo 1 A ni 10000, ambayo kwa heksadesimali ni 2710, na baiti ndogo hutangulia: AA 00 2A 10 27, sufuri, na ukaguzi 0B. Jumlisha mwenyewe kwa mkono mara moja. Ukipata 0B umeelewa. Mzigo hurudisha pakiti yenye amri 12, na baiti ya nne ikiwa 80 imekubali, 90 ukaguzi umekosewa, A0 thamani haifai.

Usitarajie mwendo wa haraka. Kwa 9600 unatuma herufi 960 kwa sekunde. MEAS:CURR? pamoja na kimalizio ni herufi 11, milisekunde 11.5; jibu lake ni milisekunde nyingine nane hivi; ongeza muda wa kifaa kupima. Pakiti ya baiti 26 ni milisekunde 27 kwenda na 27 kurudi. Kwa kuchora mkunjo wa betri inatosha na kubaki. Kwa kurusha mkondo kutoka 1 A hadi 10 A mara mia kwa sekunde, haifai hata ukiongeza kasi. Kazi hiyo hupewa hali ya mpito au orodha iliyohifadhiwa ndani ya mzigo wenyewe, kompyuta ikabaki kutoa ishara ya kuanza.

Mfano: kupima uwezo wa betri ya sola

Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya 12.8 V na ampea-saa 100 ina seli nne mfululizo. Tunainyonya kwa 20 A mpaka 10.0 V, yaani 2.5 V kwa seli. Nzima itachukua saa tano hivi. Kwa betri ya asidi ya ukubwa huohuo, uwezo ulioandikwa kwenye lebo kwa kawaida ni wa saa 20, basi nyonya 5 A mpaka 10.5 V; ukiinyonya 20 A utapata pungufu, na haitakuwa haki kuilaumu.

```
import time, csv, pyvisa

rm = pyvisa.ResourceManager()
mzigo = rm.open_resource("TCPIP0::192.168.1.50::5025::SOCKET")
mzigo.read_termination = "\n"
mzigo.write_termination = "\n"
mzigo.timeout = 3000

def amri(a):
    mzigo.write(a)
    kosa = mzigo.query("SYST:ERR?").lstrip("+")
    if not kosa.startswith("0"):
        raise RuntimeError(a + " -> " + kosa)

ah = 0.0
chini = 0
try:
    amri("*CLS")
    amri("*RST")
    amri("FUNC CURR")
    amri("CURR 20")
    amri("INP ON")
    mwanzo = awali = time.monotonic()
    with open("betri.csv", "w", newline="") as faili:
        jedwali = csv.writer(faili)
        while chini < 3:
            v = float(mzigo.query("MEAS:VOLT?"))
            i = float(mzigo.query("MEAS:CURR?"))
            sasa = time.monotonic()
            ah += i * (sasa - awali) / 3600
            awali = sasa
            jedwali.writerow([round(sasa - mwanzo, 1), v, i, round(ah, 4)])
            faili.flush()
            chini = chini + 1 if v <= 10.0 else 0
            time.sleep(1)
finally:
    mzigo.write("INP OFF")
```

Majina ya amri hutofautiana kidogo: kuna mizigo inayotaka :SOUR: mbele ya CURR na INP. Hilo ni la kusoma kwenye mwongozo. Mpangilio wa hatua ndio usiobadilika: safisha, chagua hali, weka thamani, ndipo uwashe. Ukiwasha kwanza, mzigo unaanza na thamani yoyote iliyobaki.

Tazama mistari michache. Vimalizio vimeandikwa waziwazi kwa sababu kwa soketi na RS-232, PyVISA (maktaba ya Python ya kutumia VISA) haijui jibu linaishia wapi mpaka uiambie, na bila kuambiwa hutuma \r\n, ambayo baadhi ya vifaa hukwama nayo. Ampea-saa zinahesabiwa kwa muda halisi uliopita, si kwa kudhani kila mzunguko ni sekunde moja. Sleep(1) pamoja na maswali mawili ni zaidi ya sekunde, na kosa hilo dogo likirudiwa kwa saa tano linaonekana. flush inakabidhi kila mstari kwa mfumo endeshi papo hapo, usibaki ndani ya programu. Na tunasubiri vipimo vitatu mfululizo vilivyo chini, kwa kuwa kipimo kimoja chenye kelele hakitoshi kusitisha jaribio la saa tano.

Lakini finally haikuokoi kompyuta ikizimika ghafla. Kwa hiyo ukomo wa 10.0 V uwekwe pia ndani ya mzigo, kwa hali ya kupima betri kama ipo, au kwa volteji ya kuzimia. Hapo kuna mtego. Betri ikiachwa kunyonywa, volteji yake hurudi juu yenyewe. Ya asidi iliyofikia 10.5 V inaweza kupanda tena juu ya 11 ndani ya dakika chache. Mzigo usiojifunga utaona volteji imerudi, utawaka, utazima, utawaka, usiku kucha. Chagua mpangilio unaoufunga mpaka mtu aufungue. Ndivyo ilivyo pia kwa betri yenye BMS, yaani saketi ya kuilinda: ikikata, volteji hushuka hadi karibu sufuri kwa mara moja, kisha BMS inaweza kujirudisha na mchezo ukaanza upya.

Kagua pia mpangilio wa kuwaka. Umeme wa laini ukikatika na kurudi, mizigo mingi huwaka ikiwa imezima unyonyaji, lakini ipo inayokuruhusu kuchagua irudi ilipokuwa. Usichague hivyo kwa betri.

Njia ya analogi

Hapa hakuna amri wala kimalizio: unapeleka volteji, na mkondo unaifuata. Kwa kawaida 0 hadi 10 V humaanisha 0 hadi asilimia 100. Vingine ni 0 hadi 5 V, vingine huchaguliwa kwenye menyu. Ukiipelekea 10 V pembejeo ya 5 V, bahati ikiwa nzuri utapata mkondo kamili na kengele. Kwa mzigo wetu wa 30 A, kila volti ni ampea 3: 5 A ni 1.667 V, 20 A ni 6.667 V.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha uchungu wake. Kelele ya 50 mV kwenye waya ni 150 mA kwenye betri. Tumia kebo iliyosokotwa yenye wavu, wavu uungwe upande mmoja tu, na isipite sambamba na nyaya nene za mkondo.

Mizigo ya EA Elektro-Automatik huweka kiunganishi cha pini 15 ambacho kina VSEL, CSEL na PSEL kwa kuagiza volteji, mkondo na nguvu, VMON na CMON kwa kusoma, REMOTE kwa kukabidhi uongozi, REM-SB kwa kuwasha na kuzima, na VREF inayotoa 10 V. Wageni huunga CSEL peke yake, wanapandisha volteji, na mzigo haunyonyi hata miliampea. Sababu ni kwamba pembejeo nyingine nazo zinasomwa: PSEL isiyo na kitu ni sufuri wati, na mzigo unatii. Iunge PSEL na VREF ipate asilimia 100, na VSEL iunge na AGND, yaani hasi ya ishara za analogi, ili volteji thabiti isiingilie. Potenshiomita ya kiloomu 10 kati ya VREF na AGND huchota miliampea moja tu, na inatosha kwa jaribio la kwanza kabla ya kuleta kompyuta yoyote.

Ukitaka Arduino (bodi ndogo ya kupangia programu) iongoze, usikimbilie PWM, yaani mapigo ya kuwasha na kuzima haraka. Uno hutoa PWM ya hezi 490 kwenye pini nyingi. Ukiichuja kwa kiloomu 10 na mikrofaradi 10, katikati ya kipimo bado inabaki na mawimbi ya milivolti 25 hivi, ambayo ukiyakuza mara mbili kufikia 10 V yanakuwa 150 mA za mkondo unaotetemeka. Na chujio hilo huchukua karibu nusu sekunde kutulia. Bora DAC, chipu inayogeuza namba kuwa volteji. MCP4725 ya biti 12 ni rahisi kuipata na ina hatua 4096. Ikikuzwa mara mbili kila hatua ni 2.44 mV, yaani 7.3 mA. Ila chipu hii hutumia umeme wake wenyewe kama kipimo. Ikilishwa na USB iliyoshuka hadi 4.75 V badala ya 5, 20 A uliyoagiza inakuwa 19 A, na hakuna kosa litakaloonekana popote. Ilishe kwa rejeleo thabiti la volteji. Opampu ya kukuza, kama LM358, haifiki mpaka volteji ya ugavi wake. Hupungukiwa volti 1.5 hivi, kwa hiyo ipe angalau 12 V ili itoe 10.

Kusoma CMON kwa ADS1115, chipu inayogeuza volteji kuwa namba, kunakwenda vizuri, ila usiipelekee 10 V moja kwa moja. Chipu iliyolishwa 5 V haistahimili zaidi ya hapo kwenye pembejeo zake. Rezista za kiloomu 20 na 10 huishusha hadi 3.33 V. Kwa kipimo cha ±4.096 V unapata azimio la miliampea moja hivi, bora kuliko unavyoweza kuagiza.

Weka rezista ya kiloomu 100 kati ya pembejeo ya kuagiza na AGND, upande wa mzigo. Waya ukichomoka, mkondo unaanguka hadi sufuri badala ya kuelea popote. Zima kwa mpangilio wa kinyume na kuwasha: REM-SB kwanza, ndipo volteji ya kuagiza ishuke.

Sasa suala la hasi. Katika mizigo ya bei nafuu, AGND imeungana moja kwa moja na terminali hasi ya mkondo mkubwa. Ukichukua hasi ya DAC yako kwenye kichwa cha betri, mita moja ya waya ile ya 2.5 ina 0.14 V kwa 20 A, na hiyo inaingia kwenye agizo lako kama kosa la 0.42 A. Chukua hasi kwenye AGND ya mzigo peke yake.

Kubwa zaidi: mitambo ya simu hutumia −48 V, ambapo chanya ndiyo iliyoungwa na ethi. Terminali hasi ya mzigo iko volti 48 chini ya ethi. Ukiunga kompyuta ya mezani kwa USB au kwa Arduino kwenye kiolesura kisichotenganishwa, hasi ya USB, ambayo iko ethi, inakutana na −48 V. Kebo ya USB inakuwa njia ya shoti ya benki nzima ya betri. Kwenye kazi hizo tumia LAN, au kitenganishi cha USB, au kipitishi cha mwanga (optocoupler), na upime kwa mita kati ya AGND na ethi kabla ya kuchomeka chochote. Isome namba hiyo kwa sauti kama uko na mwenzako.

Faida ya analogi ni mwendo: unaweza kuiga wimbi lolote ambalo jenereta ya ishara inalitoa. Lakini katika baadhi ya vifaa volteji yako husomwa kwanza na prosesa ya ndani, mara mia kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo wimbi linatoka likiwa na ngazi. Jambo la pili ni waya: jozi ya mita moja ina induktansi ya karibu mikrohenri moja, na mkondo unaobadilika kwa ampea moja kila mikrosekunde huchukua volti moja hapo. Sokota nyaya nene pia, na uzifupishe.

Nani anaongoza

Mzigo hutii upande mmoja kwa wakati. REMOTE ya analogi ikiwa imeshikwa, CURR 5 ya mtandaoni itakataliwa. Maswali ya MEAS kwa kawaida huendelea kujibiwa, na mpangilio huo, analogi ikiagiza na LAN ikisoma, ndio tunaoupenda kwa majaribio ya mawimbi. Kitufe cha mbele cha kurudisha uongozi mezani kisifungwe kwa SYST:RWL isipokuwa kuna watu wanaopita na kubonyeza ovyo.

Kabla hujaacha jaribio liende usiku, lipime kwa betri yenye chaji kidogo ukiwa umesimama pale. Chomoa kebo ya LAN katikati. Ua programu kwa nguvu. Chomoa waya wa kuagiza wa analogi. Zima umeme wa mzigo ukutani na uuwashe. Kila mara andika mkondo umefika wapi na volteji ya betri imeishia ngapi, kisha urekebishe ukomo wa ndani ya mzigo mpaka majibu yote manne yawe ni mzigo uliozima wenyewe ilipofika 10.0 V, au kabla.